Sifa za Kioo Kilichovimba

Mwaka 1511 Erasmus wa Rotterdam alichapisha kitabu kizima cha kuusifu upumbavu. Karne nyingi kabla yake, Lucian, Mshami aliyeandika kwa Kigiriki, alikuwa amekwisha kumsifu nzi: mbawa zake, ushujaa wake, na anavyokula kwenye meza ya kila mtu bila kupika. Nzi basi ana wakili, na upumbavu una wakili. Aliyeachwa peke yake kizimbani, akitukanwa na makarani, walimu, wahasibu na wachapaji wa steshenari, ni tatizo moja la kompyuta ya mezani ambalo mafundi huliita rezolusheni. Leo nasimama upande wake.

Mshitakiwa mnamjua. Asubuhi unawasha mashine, na kioo ulichokiacha jana kikiwa na adabu zake kimevimba. Aikoni zimekuwa kubwa na kubanana. Herufi zimenenepa, kingo zake zina ukungu. Picha ya mkurugenzi iliyowekwa nyuma ya aikoni imetanuka mashavu. Kidirisha unachokihitaji kimefunguka, lakini kitufe cha Sawa kimezama chini ya ukingo wa kioo, mahali ambapo mausi haifiki. Hapo mtu husonya, huipiga monita kofi la ubavuni, kisha huuliza kwa sauti ni nani aliyegusa kompyuta yake. Hakuna aliyegusa, na kofi halijawahi kunyoosha rezolusheni ya mtu.

Tuanze na nasaba, maana hatumsifu mtu kabla ya kujua ni wa nani. Mnamo 1987 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta zake za PS/2, na pamoja nazo mfumo wa picha uitwao VGA: nukta 640 kwa upana, 480 kwa kimo, rangi 16 kwa wakati mmoja. Jumla ni nukta 307,200, na wakati ule ilikuwa fahari. Baadaye zikaja 800 kwa 600, kisha 1024 kwa 768, na ukoo ukaendelea kukua hadi 1920 kwa 1080 ya leo, na 3840 kwa 2160 ya wenye nazo. Vitu vingine vya kompyuta huwasahau wazee wao upesi. Diski za flopi zimezikwa, na modemu zilizolia kwenye waya wa simu hakuna anayezililia. Lakini mashine ya kisasa ikizidiwa, ikikosa draiva au ikishindwa kuelewana na monita, hurudi kwa wazee kuomba hifadhi: kwa 1024, kwa 800, na ikibidi kwa babu mwenyewe wa mwaka 1987. Anayekasirishwa na kioo kilichovimba anakasirishwa na heshima kwa ukoo.

Fadhila ya kwanza ya mteja wangu ni kwamba hajifichi. Kirusi hukaa ndani ya mashine miezi kadhaa kikitafuna mafaili, na kioo kinang'aa tu. Diski hufa kimyakimya. Siku ya kuitafuta tasnifu ndipo msiba hujulikana. Betri ndogo ya saa ya kompyuta huisha, na nyaraka zikaanza kutoka na tarehe za miaka iliyopita bila mwenye mashine kushtuka. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mteja wangu hafichi kitu: hujitangaza usoni, kwa herufi kubwa, dakika ileile anapofika. Na washukiwa wake ni wachache mno. Ni draiva ya kadi ya picha, au waya, au mpangilio uliochaguliwa. Tatizo gani lingine la kompyuta hukupa orodha fupi namna hiyo?

Fadhila ya pili ni usawa. Kioo bapa cha 1920 kwa 1080 kina nukta 2,073,600, zilizopangwa kiwandani na hazisogei. Mteja wangu anapoleta picha ya 1024 kwa 768, analeta nukta 786,432, chini ya asilimia 40 ya zinazotakiwa. Pengo la nukta 1,287,168 kioo hulazimika kulijaza chenyewe kwa kukisia rangi iliyo kati ya jirani na jirani, na hapo ndipo unapotoka ule ukungu wa herufi. Tunawajua watu wanaojaza mapengo ya taarifa kwa makisio. Kioo hufanya hivyo mara 60 kwa sekunde na hakijawahi kudai posho. Zaidi ya hapo, picha yenye umbo la 4 kwa 3 ikinyooshwa ijaze kioo cha 16 kwa 9, kila kitu hutanuka kwa theluthi moja na kimo kikabaki palepale. Mduara wa bajeti hugeuka yai. Mkurugenzi hunenepa, mlinzi hunenepa, mgombea na mpinzani wake hunenepa kwa kipimo kimoja, bila kuangaliwa cheo wala chama. Nitajieni ofisi nyingine yenye haki ya kiwango hicho.

Fadhila ya tatu ni adabu, na hapa naomba nisikilizwe kwa makini, kwa sababu wengi wamemhukumu mteja wangu bila kujua kilichotokea mlangoni. Tangu 1994 chama cha watengenezaji kiitwacho VESA kimeweka utaratibu wa monita kujitambulisha. Ndani ya monita kumehifadhiwa baiti 128 zinazoitwa EDID. Humo mna kifupi cha jina la mtengenezaji kwa herufi tatu, namba ya toleo, wiki na mwaka wa kutengenezwa, upana na kimo cha kioo kwa sentimita, na rezolusheni ambayo monita inaipenda kuliko zote. Kompyuta ikiwashwa hubisha hodi. Monita huitikia kwa baiti hizo, na baiti ya mwisho ni ya kuhakiki kwamba nyingine zimefika salama. Mwenyeji akishajitaja, mgeni anajua akae wapi.

Katika waya wa VGA wenye pini 15, maongezi hayo hupita kwenye pini ya 12 na ya 15. Ikivunjika pini ya 1, wekundu wote hutoweka na kila apitaye anajua kuna kasoro. Ikivunjika ya 12, au waya ukiwa ule wa bei poa ambao aliyeutengeneza aliona pini hiyo ni anasa, rangi zote zitakuwepo na picha itakuwepo, ila hodi haijibiwi. Sasa mgeni mwenye malezi afanyeje? Hawezi kujitupa kwenye kochi kubwa la 1920 kwa 1080 ndani ya nyumba asiyoijua. Hukaa kwenye kigoda kilicho karibu na mlango, mara nyingi 1024 kwa 768, akasubiri kukaribishwa. Ukifungua orodha ya vifaa utakuta Windows imeandika kwamba monita hii ni ya jumla tu, haikujitambulisha. Haikuandika malalamiko. Huyo ndiye mnayempiga makofi ya ubavuni.

Fadhila ya nne ni ukarimu kwa macho yaliyochoka. Nendeni kwenye steshenari yenye mama wa makamo anayechapa barua za maombi ya kazi na hati za mauziano ya viwanja. Kijana fundi akipita, mazungumzo huwa hivi:

“Shikamoo, mama. Kioo chako kimeharibika mpangilio, nikurekebishie?”

“Marahaba, mwanangu. Kimeharibika wapi? Sasa hivi nasoma barua ya mteja bila miwani.”

“Lakini herufi zina ukungu, mama.”

“Ukungu nilikuja nao mwenyewe. Herufi ziache.”

Fundi mjinga hapo hubishana. Fundi mwenye hekima hurudisha rezolusheni kwenye namba halisi ya kioo, kisha hupandisha kipimo cha maandishi kutoka asilimia 100 hadi 125 au 150. Herufi zinabaki kubwa, ukungu unaondoka, na mama anaendelea kusoma bila miwani. Maana kushusha rezolusheni na kukuza maandishi ni mambo mawili: la kwanza hupunguza nukta za picha nzima, la pili hutumia nukta nyingi zaidi kuichora herufi ileile. Siri hii naitoa shingo upande, kwa kuwa inamharibia mteja wangu soko. Faraja yake ni kwamba bado kuna programu kuukuu zilizoandikwa kwa imani kwamba kila kioo duniani ni cha nukta 96 kwa inchi. Ziweke kwenye kioo cha 3840 kwa 2160: ama zitatoka na herufi za kutafuta kwa darubini, ama Windows itazivuta kwa nguvu na ukungu utarudi palepale.

Fadhila ya tano: analisha watu. Kompyuta iliyotoka kupigwa Windows upya mara nyingi huamka imevimba, kwa sababu draiva ya kadi ya picha haijawekwa, na mfumo unajishikiza na ile ya msingi iliyokuja nayo, inayojua kuonyesha picha na si zaidi sana. Penye intaneti, Windows za sasa kwa kawaida huitafuta draiva zenyewe. Penye bando lililokwisha, anatafutwa fundi. Awe wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue, fundi huyu ana ibada yake: hukunja uso, hubofya huku na huku, hushusha pumzi, kisha hutamka, “Hii ni draiva.” Mara nyingi huwa amesema kweli, na hata asiposema kweli hutamka vivyo hivyo. Flashi hutoka mfukoni, mashine huzimwa na kuwashwa, kioo husinyaa, na noti huhama mfuko. Kuna watoto wanaosoma kwa ada ya nukta 1,287,168.

Fadhila ya sita: ni mwalimu mkali. Zile monita za chogo hazikuwa na nukta zilizofungwa kwenye namba moja. Mwale wa elektroni ulichora mistari mingi au michache kadiri ulivyoagizwa, ndiyo maana zilikubali rezolusheni nyingi bila kuleta ukungu wa aina hii. Lakini zilikuwa na mipaka ya masafa. Watumiaji wa Linux wa miaka ya 1990 waliandika faili la XF86Config kwa mikono yao, wakijaza masafa ya mlalo na ya wima, huku maelekezo yakiwaonya kwamba masafa yasiyo sahihi yanaweza kuiharibu monita. Mtu aliyesoma chini ya tishio hilo hasahau. Warithi wao leo huiomba amri ya cvt iwakokotolee namba, wakazikabidhi kwa amri ya xrandr, na kioo kikanyooka. Wakafurahi, wakazima mashine, wakalala. Kesho yake mteja wangu yumo, kwa sababu amri hiyo haidumu mpaka uiandike mahali itakapoitwa kila mashine inapowaka. Mwalimu anayerudi kesho kukagua kama somo limeeleweka hastahili kuzomewa.

Fadhila ya saba ni rehema. Ukichagua rezolusheni ambayo monita haiwezi kuimudu, kioo huwa cheusi, au huandika kwamba kilicholetwa kiko nje ya uwezo wake. Moyo hudunda. Lakini ndani ya giza hilo Windows inahesabu sekunde 15, na usipothibitisha kwamba umependezwa, inarudisha mpangilio wa zamani. Dawa ni kuketi na kutogusa kitu. Wapi pengine, serikalini, sokoni au kwenye ndoa, ambapo mtu akikosea huambiwa nyamaza tu, baada ya sekunde 15 tutasahau?

Upande wa mashitaka utasema mteja wangu ana ndugu wabaya. Anao, na hamkani mtu. Wa kwanza huishi kwenye televisheni zilizogeuzwa monita kwa waya wa HDMI: rezolusheni ni sahihi, picha ni safi, lakini kingo zimekatwa, na ule mstari wa chini wenye kitufe cha kuzimia umezama. Televisheni nyingi zilirithi kutoka enzi za chogo desturi ya kuikuza picha kidogo ili kingo chafu zisionekane. Kompyuta haina kosa. Dawa iko kwenye rimoti, kwenye kipengele cha ukubwa wa picha, uchague kile kisichokata kitu. Ndugu wa pili huishi kwenye kumbi za mikutano. Projekta ya 1024 kwa 768 ikiamriwa kuonyesha kilekile kilichoko kwenye kioo cha kompyuta, vyombo viwili hutafuta namba ambayo vyote vinaimudu, na mkubwa hushuka. Mkutano ukiisha aikoni zimehama, na hakuna anayekumbuka ripoti ya robo mwaka ilikuwa kona gani. Lawama za ndugu hawa wawili mteja wangu huzibeba bila kuwataja.

Sasa niwatahadharishe juu ya maadui zake, ili muwajue kwa matendo yao na muwazuie mapema. Adui wa kwanza huanza na waya. Huuchomoa, huzitazama pini kama zimepinda, huurudisha na kukaza skrubu za pande zote mbili, kisha hujaribu waya mwingine kabla ya kutoa hata shilingi. Adui wa pili huzunguka nyuma ya mashine: akikuta mashine ina kadi ya picha ya peke yake lakini waya umechomekwa kwenye tundu la ubao mama, huuhamishia kwenye kadi. Wa tatu husoma jina na toleo la kompyuta au la kadi, akaichukua draiva kwa mtengenezaji mwenyewe, wala hadanganyiki na zile programu zinazoahidi draiva zote za dunia bure kisha zikaleta wageni wasioalikwa. Wa nne hubofya kulia kwenye sehemu tupu ya kioo, hufungua mipangilio ya onyesho, na katika orodha ya namba huchagua ile ambayo Windows yenyewe imeandika pembeni kwamba inapendekezwa. Huyu ni hatari kuliko wote, kwa sababu hana haja ya kujua lolote. Anajua kusoma tu. Wa tano, akitumia VGA, humalizia kwa kubonyeza kitufe cha monita cha kujirekebisha ili picha ikae katikati. Na kile kitufe cha Sawa kilichozama chini ya ukingo? Yupo hata adui wa kukifuata huko: hushika Alt na kubonyeza nafasi, kisha M, akakivuta kidirisha juu kwa mishale ya kibodi.

Wakishamaliza, wanajidai. Kioo kimenyooka, herufi zimechongoka, mkurugenzi amerudiwa na mashavu yake halali. Watu wanapiga makofi. Hakuna anayeuliza ni nini kimepotea.

Kimepotea kisingizio kilichokuwa kinaheshimika kuliko vyote ofisini. Anayesema anaumwa huombwa cheti. Anayesema ana msiba huulizwa ni wa nani na unazikwa lini. Foleni siku hizi hupimwa kwenye simu. Lakini aliyesema “Bosi, kompyuta ina shida ya kioo” aliweza kumwita bosi aje aone kwa macho yake, na bosi alikuja, akaona, akatikisa kichwa kwa huruma, akarudi zake. Ushahidi ulikuwa mkubwa kuliko ukweli, kwa theluthi moja. Sasa jedwali ambalo lilionekana nusu linaonekana lote, hadi safu ya mwisho isiyo na kitu. Ripoti iliyosifiwa ikiwa na ukungu inaonyesha makosa ya tahajia kuanzia kwenye kichwa cha habari. Jumla ya matumizi, iliyokuwa imefichwa chini ya ukingo wa kioo, imepanda juu na hailingani na risiti. Nukta milioni mbili zote zipo kazini, kila moja mahali pake, na katikati yao kuna karani mmoja ambaye hajaanza.

Nimemtetea mteja wangu kadiri nilivyoweza, na najua mtamwondoa hata hivyo. Hakuna mahakama iliyowahi kumwachia. Basi nawaombea nyie badala yake: kabla hamjampigia fundi simu, malizeni kwanza ripoti.